Wanaofundisha yoga hapa Dar, wakubwa kwa watoto: tuanze na pumzi, mikao ifuate

Mleta uzi (Kinondoni)

Habari zenu wakuu. Kwa wale walionizidi umri, shikamooni.

Nimekuwa nikiulizwa sana namna ninavyofundisha yoga. Wengine wanataka kuanzisha darasa mtaani kwao, wengine ni wazazi wanaotaka kujua kama mtoto wa miaka saba anaweza kufundishwa na asiumie. Nikimjibu kila mtu peke yake sitamaliza, ndiyo maana nimefungua uzi. Nafundisha watu wazima jioni na watoto Jumamosi asubuhi. Wanafunzi wangu ni watu wa kawaida wa mji huu: mafundi cherehani, walimu, mama lishe, wastaafu, na watu wa ofisini ambao mchana kutwa wako kwenye kiti na jioni wanakaa tena kwenye foleni.

Msimamo wangu ni huu: mwalimu wa yoga aanze na pumzi, na asiache kuitazama pumzi ya mwanafunzi mpaka darasa liishe. Madarasa mengi yanaanzia kwenye mikao. Mtu anaingia siku ya kwanza, anaambiwa ainame ashike vidole vya miguu, havifiki, anajikaza, uso unamwiva, pumzi inakata. Anaondoka na mgongo unaouma na imani kwamba yoga ni ya watu wembamba wenye viungo laini. Hajafundishwa chochote huyo. Kwangu kipimo ni kimoja tu: pumzi ikikata, mkao umezidi. Rudi nyuma kidogo mpaka pumzi irudi, hapo ndipo pako kwa leo. Mikono imefika magotini au chini kabisa, hainihusu.

Sasa mambo ya mwili, maana ukiyaelewa haya hutahitaji kukariri mtindo wa mtu.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kila pumzi inaingiza takriban nusu lita ya hewa, ujazo wa ile chupa ndogo ya maji tunayouziwa dirishani kwenye foleni ya Ubungo. Lakini si yote inayofanya kazi. Kama mililita 150 hivi zinaishia njiani, puani, kooni na kwenye mirija, hazifiki kule damu inakochukua oksijeni. Piga hesabu. Mtu mwenye wasiwasi anayepumua juu juu, robo lita kwa pumzi mara 24 kwa dakika, anapitisha lita 6. Aliyetulia, nusu lita mara 12, naye anapitisha lita 6. Ila wa kwanza kila pumzi inamfikishia mililita 100 tu, sawa na lita 2.4 kwa dakika, na wa pili inamfikishia mililita 350, sawa na lita 4.2. Wote wamefanya kazi ya lita 6, mmoja amepata karibu mara mbili ya mwenzake. Ndiyo maana kuna watu wanahema siku nzima na bado wanajiona hawajapumua.

Jambo la pili ni moyo. Ukivuta pumzi moyo unakwenda haraka kidogo, ukitoa unapungua. Kazi hiyo inafanywa na neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kushuka hadi kifuani na tumboni. Huhitaji mashine kulithibitisha. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, utafute mapigo. Vuta pumzi polepole, kisha itoe ndefu kuliko ulivyovuta. Wengi wataona mapigo yanaachana kidogo wakati wa kutoa. Hili nalifanyisha siku ya kwanza kabla sijamwambia mtu anyooshe hata kidole, na sijaona kitu kinachomwamsha mwanafunzi mpya kama hiki. Anagundua mwenyewe kwamba kuna mlango wa kuingilia kwenye mwili wake.

Kwa hiyo tunaanzia kwenye kushusha pumzi. Ukimwambia mtu wa Dar aliyetoka kazini "vuta pumzi ndefu", atapandisha mabega hadi masikioni na kuingiza tumbo ndani. Mwambie "shusha pumzi", mabega yanashuka yenyewe, na pumzi inayofuata inaingia vizuri bila kuamrishwa.

Darasa la watu wazima nalipanga hivi. Mtu analala chali mkekani, magoti yamekunjwa, nyayo chini, mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. Kwa dakika chache habadilishi chochote, anasikiliza tu mkono upi unainuka. Baada ya hapo tunarefusha kutoa: vuta kwa hesabu ya 3, toa kwa 4. Akizoea baada ya wiki kadhaa, vuta 4 toa 6. Hiyo ni sekunde 10 kwa pumzi, pumzi 6 kwa dakika, na wengi hapo ndipo wanapotulia hasa. Pua ndiyo inayotumika, kwa sababu inachuja vumbi, inaipasha hewa joto na kuilowesha kabla haijafika mapafuni.

Baada ya pumzi kukaa sawa ndipo viungo viingie, na kila kiungo kinatembea na pumzi. Mikono inapanda ukivuta, inashuka ukitoa. Kwenye mkao wa paka, magoti na viganja chini, mgongo unapanda juu ukitoa na unabonyea ukivuta. Nina mwanafunzi fundi cherehani, mabega yamejifunga kwa kuinamia mashine miaka mingi. Akinyoosha mikono juu namuuliza mchana amekula nini. Akijibu "wali maharage" kwa sauti yake ya kawaida, tunaendelea. Sauti ikitoka imebanwa, nampunguzia, anashusha viwiko kidogo. Swali dogo kama hilo linaniambia mengi kuliko kuyatazama mabega yake.

Nikipata nafasi nitaandika ya watoto. Karibuni kwa maswali.

Mdau (Tabata)

Nimekaa mkao wa kula hapa. Mkuu, mimi nikifuata mazoezi ya pumzi kwenye simu, yale ya kuvuta na kutoa haraka haraka, napata kizunguzungu na vidole vinakufa ganzi, hata midomo. Nimeambiwa ni sumu inatoka mwilini. Kuna ukweli?

Mleta uzi

Hapana mkuu, hakuna sumu hapo. Ukipumua haraka na kwa nguvu kupita mahitaji ya mwili, unatoa hewa ya kabonidayoksaidi nyingi mno. Kiwango chake kwenye damu kikishuka, mishipa ya damu ya kwenye ubongo inasinyaa, ndiyo kizunguzungu. Kemia ya damu nayo inabadilika na neva zinachangamka ovyo, ndiyo ganzi ya vidole na midomo. Ukiona dalili hizo acha zoezi, kaa chini, rudi kwenye upumuaji wako wa kawaida. Zitaondoka.

Kuna mikupuo ya namna hiyo kwenye yoga ya asili, maarufu ni kapalabhati, ya kusukuma pumzi nje kwa tumbo kwa haraka. Siifundishi kwa mtu mpya, wala mjamzito, wala mwenye presha ya kupanda, kifafa, maradhi ya moyo au aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni. Watoto siwafundishi kabisa.

Na hapa nataka nisisitize jambo, kwa sababu mji wetu uko baharini. Vijana wanaoogelea Coco Beach na Kigamboni wana mchezo wa kushindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu. Mtoto aliyefundishwa kupumua haraka haraka atalitumia hilo kabla ya kupiga mbizi. Kinachomlazimisha mtu atoke kupumua ni kabonidayoksaidi kujaa, si oksijeni kupungua. Akiwa ameshaitoa nyingi, ile hamu ya kupumua inachelewa, oksijeni inaisha kimyakimya, anazimia ndani ya maji bila hata kutapatapa. Wazazi na walimu, tafadhali sana. Kupumua haraka na kubana pumzi visiingie kwenye somo la mtoto.

Mdau (Upanga)

Shukrani kwa somo mleta uzi. Naongezea kidogo kwa faida ya wasomaji. Huku Upanga na mitaa ya Kisutu yoga si kitu kipya, wazee wetu wenye asili ya India wamekuwa wakiifanya majumbani kabla haijafika kwenye majengo ya Masaki. Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, azimio likapita Desemba 2014, na kuanzia 2015 inaadhimishwa duniani kote, hapa Dar pia. Mwaka 2016 UNESCO nayo ikaiingiza yoga ya India kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kuhusu wanaosema viungo vyao vigumu: tafuteni habari za B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa India aliyezaliwa 1918 na kufariki 2014. Utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa, malaria, kifua kikuu na homa ya matumbo vilimwandama. Ndiye aliyeeneza matumizi ya mikanda, matofali ya mbao, viti na ukuta ili kila mwili uufikie mkao bila kulazimishwa. Nyumbani mama yangu anatumia kiti cha plastiki na kanga badala ya mkanda.

Mleta uzi

Ahsante sana ndugu yangu. Kanga ndiyo mkanda wetu na inatosha: kunja kwa urefu, pitisha chini ya wayo, shika ncha mbili, lala chali. Mguu unanyooka na mgongo haujiinui. Kiti cha plastiki nacho kiegemezwe ukutani kwanza, kwenye sakafu ya vigae kinateleza.

Mdau (Mbagala)

Samahani mleta uzi, mimi ni Muislamu na mke wangu anataka kujiunga na darasa kama lako. Nasikia yoga ni ibada ya Kihindu. Sitaki tumkosee Mungu kwa jambo tulilodhani ni mazoezi. Nijibu kwa uwazi.

Mleta uzi

Swali lako ni la haki kaka, na nitalijibu bila kuzunguka.

Yoga imetoka India na imekulia ndani ya dini za huko. Maandiko ya Patanjali, mwanazuoni wa kale wa India, yanayotajwa sana na walimu, yanataja ngazi nane, na mikao ya mwili ni moja tu kati ya hizo, pumzi ni nyingine. Zinazobaki zinahusu maadili, kuzituliza hisi na kutafakari. Mwalimu anayekuambia haina uhusiano wowote na dini hakwambii kweli, na mimi sipendi wanafunzi waje kwangu kwa kufichwa.

Lakini yanayofanyika katika darasa hutofautiana sana. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Taifa la Malaysia lilitoa tamko dhidi ya yoga inayoambatana na maneno ya ibada, na Waziri Mkuu wa huko akafafanua kwamba mazoezi ya mwili bila maneno hayo hayana tatizo. Novemba 2017 Saudi Arabia iliitambua yoga kama shughuli ya michezo. Kwa hiyo hata kati ya nchi za Kiislamu wametenganisha mambo mawili hayo.

Kwangu haimbwi chochote, hakuna sanamu, hakuna salamu ya dini, na watu wa dini zote wanakuja. Darasa la jioni halianzi mpaka wanaoswali magharibi wamalize. Mwezi wa Ramadhani tunasogeza baada ya futari, saa mbili au tatu baadaye, kazi nyepesi. Akina mama wanavaa suruali pana ndani ya dera, hijabu zao kichwani, na hakuna mkao unaoshindikana. Mke wako aje kwanza akae pembeni aangalie, nawe uje naye. Kisha umuulize shekhe unayemwamini, ukimweleza hasa ulichokiona. Akisema hapana, utii moyo wako. Kutembea jioni na kurefusha pumzi hakuhitaji darasa la mtu.

Mdau (Mbagala)

Nimekuelewa na nimeridhika na uwazi wako. Tutakuja wote wawili.

Mdau (Kigamboni)

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Darasa langu limejaa, watoto wanakaa watatu watatu kwenye dawati, wengine wamefika wamechoka kwa daladala na pantoni. Mikeka hatuna, ukumbi hatuna. Hiyo ya watoto uliyoahidi inawezekana katika mazingira haya, au ni ya shule za watu wenye uwezo?

Mleta uzi

Mwalimu, inawezekana, na pengine kwako itafaa zaidi kuliko kwingine. Naomba nikae hapa kwa kirefu.

Mtoto si mtu mzima mdogo, na kwenye pumzi hilo liko wazi kabisa. Wewe unapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, mtoto wa shule ya msingi mara 18 hadi 30. Ukimpa hesabu yako ya 4 kwa 6 unamnyonga. Usimpe hesabu. Mpe kitu cha kufanya.

Hazina uliyonayo ni mchakamchaka. Watoto wametoka kukimbia asubuhi, wanahema, moyo unapiga. Mara nyingi tunawapeleka moja kwa moja mstarini. Chukua dakika mbili hapo hapo uwanjani. Mkono mmoja tumboni, mwingine kifuani, midomo imefungwa, wasikilize. Usiwaambie watulie, waulize: "Mkono gani unacheza sana?" Watabishana, wengine juu, wengine chini. Baada ya dakika waulize tena, majibu yamebadilika. Wamejifunza kuitambua pumzi yao na hakuna aliyehubiriwa.

Darasani kwenye dawati: viganja viwili vikutane viwe bakuli mbele ya mdomo. Hiyo ni bakuli ya uji. Wanaunusa uji kwa pua, kisha wanaupuliza upoe. Akipuliza kwa nguvu uji utamwagika, kwa hiyo anapuliza polepole na kwa muda mrefu. Huo ndio urefushaji wa kutoa pumzi, umeupata bila neno gumu. Mara nne au tano zinatosha, kisha somo liendelee. Nyingine wanayoipenda ni mvumo wa nyuki, kwa Kisanskriti bhramari: midomo imefungwa, unatoa pumzi ukivuma mmm mpaka iishe. Darasa zima likivuma utasikia sauti kubwa mwanzoni, usiwakemee. Waambie nyuki amekwenda mbali, kisha mbali zaidi. Sauti inashuka na pumzi inarefuka.

Wale ninaokaa nao Jumamosi wana nafasi ya kulala chini, basi nawalaza chali kwenye mkeka na kila mmoja anaweka kandambili yake tumboni. Kazi ni kuipandisha na kuishusha isianguke. Nina kabinti ka miaka sita, hakatulii hata dakika moja, kila mahali kapo. Siku ya kandambili kalikaza shingo kuitazama, tumbo likabana, kandambili ikaanguka. Kakaiokota, kakairudisha, kakalaza kichwa. Ikapanda. Ikashuka. Kakaanza kuisemesha kwa kunong'ona, "panda, shuka, panda". Hapo mwalimu hana la kuongeza, anyamaze tu.

Mikao ya watoto iwe michezo: mti kwa mguu mmoja, paka, chui anayenyemelea, chura. Wenye miaka 5 hadi 7, dakika 20 ni nyingi. Wakubwa kidogo wanaweza dakika 30 hadi 40. Tumia wanachokijua, waliocheza rede wanajua kukwepa na kusimama ghafla, basi piga makofi wagande kwenye mkao, kisha uliza nani anaisikia pumzi yake.

Kuna mambo manne sitaki mwalimu yeyote aniambie hakuyasikia. Usimsukume mtoto kwa mikono ili afikie mkao. Mifupa yake bado inakua. Usimsimamishe kwa kichwa, miguu juu. Usimshike bila kumwomba, na darasa lifanyike mahali pa wazi, mlango wazi, mzazi au mwalimu mwingine yupo. Na pumzi isiwe adhabu hata siku moja. Nimesikia mahali mtoto mtundu akiambiwa "nenda kona ile ukapumue". Ukifanya hivyo umeliharibu somo zima kwa darasa zima.

Mdau (Temeke)

Mimi ni muuguzi, nimevutiwa na hiyo ya kusikiliza pumzi. Kliniki tunahesabu pumzi za mtoto mgonjwa kwa dakika nzima, akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40 au zaidi, na ana kikohozi, tunashuku nimonia. Wazazi mkishazoea kuangalia tumbo la mtoto wakati amelala, mtajua mapema pumzi ikiwa si yake ya kawaida. Kifua kikibonyea chini ya mbavu akivuta, huyo aende hospitali sasa hivi, msisubiri asubuhi wala msijaribu zoezi lolote.

Mleta uzi

Dada umenisaidia sana, mungu akubariki. Walimu wote mnaopita hapa, nakilini hayo ya muuguzi.

Mdau (Sinza)

Binti yangu ana pumu, miaka 10. Vumbi na baridi ya asubuhi vinamsumbua. Naweza kumleta? Na je, akizoea naweza kumwachisha dawa?

Mleta uzi

Kumleta unaweza, daktari wake akijua. Kumwachisha dawa, hapana. Mazoezi ya pumzi yanaweza kumsaidia asiingiwe na hofu kifua kikianza kubana, maana hofu inamfanya ahangaike kuvuta hewa juu ya hewa. Hayafungui mirija iliyobana. Kazi hiyo ni ya dawa yake ya kuvuta, na iwe mfukoni au kwenye begi pembeni ya mkeka, si nyumbani. Nakuuliza mzazi anavyoitumia na unionyeshe kabla darasa halijaanza. Mikeka yetu ya ukili ikikaa inashika vumbi, kwa hiyo mlete na khanga safi ya kutandika juu. Kifua kikianza kutoa mluzi, anakaa wima, anapewa dawa, na darasa kwake limekwisha siku hiyo.

Mdau (Gongo la Mboto)

Mimi ni dereva wa daladala. Sina muda wa darasa, naanza saa 10 alfajiri. Hasira za barabarani zinanimaliza, presha imepanda juzi juzi. Kuna la kufanya nikiwa kazini?

Mleta uzi

Pole na kazi kaka. Kwanza presha: dawa ulizopewa umeze kama ulivyoelekezwa, na mahudhurio ya kliniki usiyaache. Nitakachokwambia ni cha kuongezea tu.

Gari likiwa limesimama kituoni au kwenye taa, achia meno ya juu na ya chini yasigusane, shusha mabega, toa pumzi kwa pua taratibu mpaka mwisho, halafu ngoja inayofuata iingie yenyewe. Mara tatu tu. Macho yabaki barabarani, na gari likiwa kwenye mwendo usifanye zoezi lolote la kuhesabu. Mwisho wa siku kabla hujaingia nyumbani, kaa dakika tano, vuta 4 toa 6, usibane pumzi katikati. Mwenye presha asibane pumzi na asiinamishe kichwa chini ya moyo kwa muda mrefu. Mikao ya kuinua miguu ukutani muulize daktari kwanza. Na ukijiskia kuumwa kifua, hilo si la pumzi, ni la hospitali.

Mdau (Mbezi Beach)

Nataka kuwa mwalimu. Cheti ni lazima?

Mleta uzi

Mafunzo ya msingi yanayokubalika na shirika la Yoga Alliance la Marekani ni ya saa 200, na studio nyingi duniani zinauliza hicho. Jirani zetu Nairobi wana Africa Yoga Project, iliyoanza 2007, inayowafundisha vijana wa mitaani kwao wakawa walimu, na imezaa walimu wazuri. Nakushauri upate mafunzo. Lakini saa 200 zinakufundisha mikao mingi kuliko watu. Kabla hujachukua darasa, kaa nyuma ya darasa la mwingine miezi kadhaa, kazi yako iwe moja tu: tazama migongo ya watu wanavyopumua. Jifunze na huduma ya kwanza. Na watoto usianze nao. Waanze wakubwa wakukomaze.

Wajawazito nao wana somo lao, usiwachanganye. Miezi ya mbele asilale kifudifudi wala chali kwa muda mrefu, apumzikie ubavu wa kushoto, na asibane pumzi.

Mdau (Kigamboni)

Mleta uzi, nimerudi. Nimejaribu ile ya baada ya mchakamchaka na ya uji. Walimu wenzangu walicheka siku ya kwanza, sasa wa darasa la pili naye anafanya. Nina mtoto mmoja tu amenishinda. Nikisema tufumbe macho yeye anakataa, anakodoa, na nikirudia anataka kulia. Nifanyeje?

Mleta uzi

Mwalimu, hongera sana, umenifurahisha kuliko unavyojua.

Huyo mtoto mwache macho wazi. Kuna watoto ambao kufumba macho mbele ya watu kunawatisha, na sababu wanazijua wao. Waambie darasa zima kwamba kufumba ni hiari, anayetaka aangalie kidole gumba chake au mstari kwenye dawati. Usimtaje jina. Mkalishe mahali anapoona mlango, na umpe kazi: yeye ndiye atakayekunja kidole kimoja kila darasa likipuliza uji, vikifika vitano anakwambia. Ukiona ana hofu hiyo na nyakati nyingine pia, analala darasani, anashtuka akiguswa, ongea na mwalimu wa malezi wa shule kwa faragha, si mbele yake.

Zoezi la pili wiki ijayo fanya la nyuki, uone anavyolipokea. Ukikwama niandikie hapa hapa.